Sharti la Umri

Mdogo wangu wa kike aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita, na mimi dada yake ndiye niliyemwambia aache. Baba alikuwa ameshafariki. Asubuhi moja mama alipatwa na kiharusi akichambua mchele, akapooza upande wote wa kulia, na katika nyumba yetu kisiwani Nosy Be hakuwapo mtu mwingine ila yeye na huyo mtoto. Mimi nilikuwa ng'ambo, mjini Mahajanga, mwalimu mpya wa hesabu, mmoja wa wachache waliokabidhiwa madarasa Wafaransa walipoanza kuondoka baada ya uhuru. Nilisafiri, nikakaa wiki mbili, kisha nikamwita mdogo wangu uani nikamweleza kwamba mmoja wetu lazima abaki na mama, na kwamba mimi nikiacha kazi hakuna wa kutulisha. Hakubisha. Aliuliza tu kama madaftari yake ayaweke au ayagawe. Nikamwambia ayaweke, mwakani tutaona.

Ilipita miaka sita.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa kuwa uzee umenikuta Unguja, kwa wakwe zangu. Siku zile Kiswahili kwetu kilikuwa maneno machache ya babu, ya dini na ya biashara. Nyumbani tulisema Kikomoro, sokoni Kimalagasi, darasani Kifaransa. Aliyoyasema mdogo wangu aliyasema kwa Kikomoro, nami nimeyahamisha kadiri nilivyoweza.

Katika mwaka wangu wa tano kazini alikuja mkaguzi wa elimu kutoka mji mkuu. Alitukusanya walimu wa hesabu akatuambia kwamba wizara, bandari na makampuni makubwa yanaleta mashine zinazosoma kadi zenye matundu, zinazohesabu na kupanga habari, zikimaliza kwa dakika kazi ya makarani ya wiki nzima. Wanaoziendesha ni wageni watupu, alisema, na wageni wanaondoka. Ingefunguliwa kozi ya miaka miwili katika chuo kimoja pale Mahajanga, na mtu alitakiwa kuiandikia mtaala. Alinichagua mimi na mwalimu mmoja Mfaransa aliyekuwapo kwa mkataba, kijana mwembamba, mwenye aibu, ambaye likizo moja aliwahi kufanya kazi katika ofisi yenye mashine kama hiyo. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yetu yote ya kompyuta: yeye aliwahi kuiona, mimi sikuwahi.

Tuliandika ule mtaala jikoni kwangu, mtaa wa Tsaramandroso, alasiri za Jumamosi, madirisha tumeyafunga kwa sababu ya vumbi jekundu. Swali letu lilikuwa moja: mashine utaifundishaje bila mashine? Tulijaribu kwa wanafunzi wangu. Tuliwapanga wanane uwanjani, aliyesimama ni moja, aliyechuchumaa ni sufuri, wakahesabu kwa namba mbili tu hadi magoti yakawauma. Tuliwafundisha kuandika kazi hatua kwa hatua, kila hatua na mshale wake, na mahali pa kuuliza ndiyo au hapana. Haya yalikwenda vizuri. Tulichoshindwa ni somo la kutafuta: namna mashine inavyoweza kupewa kadi elfu na kutoa zile tu unazozitaka. Kila tulivyolieleza, wanafunzi walitutazama kwa heshima bila kuelewa.

Likizo ilipofika nilikwenda kumwona mama. Siku tatu juu ya lori hadi bandari ya Antsahampano, kisha boti. Nilimkuta mama amekonda, msafi, nywele zimesukwa. Mdogo wangu alikuwa amejifunza kumgeuza peke yake bila kumuumiza, na alikuwa akishona kofia kando ya kitanda ili mkono usikae bure. Juu ya meza palikuwa na rundo la vipande vya karatasi ngumu, vimekatwa sawasawa, vyenye vitobo pembezoni.

Nilimuuliza ni nini. Akaniambia ni watoto wa zahanati. Muuguzi, aliyekuwa akija kumwangalia mama, alikuwa amelalamika kwamba kila duru ya chanjo inampotezea siku tatu kupekua daftari ili ajue nani bado. Mdogo wangu akamtengenezea kadi, mtoto mmoja kadi moja. Kila kitobo cha pembeni kina maana yake: hiki ni chanjo ya kwanza, hiki ya pili, hiki ni mtaa fulani. Mtoto akishachanjwa, kitobo chake kinakatwa kwa mkasi hadi ukingoni, kikawa mwanya.

"Tazama," akasema. Alizipanga kadi zote pamoja, akachomeka sindano ya kufumia sweta katika kitobo cha chanjo ya pili, akainua na kutikisa kidogo. Kadi nyingi zikadondoka mezani. Chache zikabaki zimening'inia kwenye sindano. "Zilizobaki ndizo za watoto ambao bado."

Nilimuuliza alikosoma jambo hili. Akacheka, akasema hakulisoma popote, lilimjia akitoboa nakshi za kofia: alikuwa akiwaza kwamba kitobo nacho kinasema kitu, kipo au hakipo. Mama, ambaye maneno yake mimi sikuyaelewa tena, alitamka kitu kutoka kitandani. Mdogo wangu akanitafsiria: mama anasema mtoto huyu angesoma.

Nilimweleza habari za kozi. Aliuliza maswali mengi, na mwishoni akauliza, akiwa ameinamia kofia, kama watachukua wasichana. Nikamjibu kwamba bila shaka watachukua. Hakuuliza zaidi, wala mimi sikumuuliza kwa nini ameuliza.

Niliporudi Mahajanga nililifanya jambo la sindano kuwa somo la saba la mtaala. Mfaransa alifurahi karibu alie. Alisema maktaba za kwao zina kadi za namna hiyo, akataka kujua nimelitoa wapi. Nikamwambia ni kitu nilichokiona kisiwani. Sikusema ni mdogo wangu. Nimejiuliza miaka mingi kwa nini. Nadhani niliona haya kwamba mwalimu wa hesabu ana mdogo wake aliyeacha shule, na niliona haya zaidi kwa sababu aliyemwachisha ni mimi.

Mtaala ulikwenda mji mkuu, ukarudi na barua. Walisema masomo yetu yanafanana na kazi za mikono, mashaka yao ni kwamba kozi itakuwa kimbilio la walioshindwa kwingine. Niliudhika. Nilimwambia Mfaransa kwamba dawa yake ni masharti makali ya kuingia: cheti cha sekondari ya kwanza, na umri usiozidi miaka ishirini. Alisema cheti sawa, lakini umri wa nini? Nchi hii, alisema, watu wengi wamesoma kwa kukatizwa. Nikamjibu kwamba bila masharti watatuona tunachezea kadi. Yeye alikuwa mgeni, mimi mwenyeji, akaniachia. Mstari ule niliupiga taipu mwenyewe. Wizara ilikubali.

Mama alifariki masika yaliyofuata. Nilifika Nosy Be siku mbili baada ya maziko. Baada ya arobaini mdogo wangu alikuja kuishi nami Tsaramandroso, na siku ya kwanza tu alitoa kwenye sanduku lake karatasi iliyokunjwa ndani ya kanga. Kilikuwa cheti cha sekondari ya kwanza. Alikuwa amesoma kwa yale madaftari ya zamani, kando ya kitanda, akafanya mtihani kama mtahiniwa wa nje bila kunieleza, ili akishindwa asinitie aibu. Mama alikuwa akijua. Kozi ingefunguliwa baada ya wiki tatu, na yeye alitaka kujiandikisha mwenyewe, watu wasije wakasema kaingizwa na dada yake.

Hapo nilipaswa kukumbuka. Wallahi sikukumbuka. Nililia kwa furaha, nikampikia, nikamwazima viatu vyangu.

Alirudi saa sita mchana. Alivua viatu mlangoni, akavifuta vumbi kwa kitambaa, akaviweka mahali pake. Karani alikuwa amekipokea cheti akakisifu, akasoma tarehe ya kuzaliwa, kisha akamgeuzia ile karatasi ya masharti asome mwenyewe.

"Dada, nani aliandika umri?"

"Mimi."

Alikaa kwenye kiti. Nje jirani alikuwa akitwanga.

"Ulijua nina miaka mingapi."

"Nilijua. Sikukufikiria."

Ningeweza kusema lolote jingine, na lolote lingekuwa nafuu kuliko hilo, lakini hilo ndilo lilikuwa kweli. Hakupandisha sauti. Aliitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyeelezwa njia, akaenda jikoni akaosha vyombo vya asubuhi.

Niliandika barua wizarani. Niliandika tena. Nilikwenda kwa mkuu wa chuo, akanifungulia jalada akanionyesha sahihi yangu, akaniuliza kwa upole kama nataka chuo kianze kozi kwa kuvunja sharti la mwenyewe aliyeitunga. Mfaransa naye aliandika, na hakunikumbusha hata mara moja kwamba alinikataza. Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu: mtaala ukishapitishwa haubadilishwi mpaka kundi la kwanza limalize.

Kabla ya jibu hilo nilikuwa nimemletea mdogo wangu njia nyingine. Watu wengi walizaliwa bila kuandikishwa, na mahakamani mtu aliweza kupata cheti kipya cha kuzaliwa kwa mashahidi wawili. Nilimwambia nitakuwa shahidi mmoja, tupunguze miaka miwili tu, hakuna atakayedhurika.

Alikuwa akikunja nguo. Aliendelea kukunja.

"Miaka hiyo miwili nilikuwa namgeuza mama kitandani," akasema. "Ukiifuta, nilikuwa wapi?"

Sikulirudia tena jambo hilo.

Kozi ilikuwa imeshafunguliwa na wanafunzi kumi na tisa, wasichana watatu. Nikawafundisha. Mdogo wangu alibaki nyumbani akishona kofia, akipika, akinisalimu kila asubuhi kwa "kwezi" kama mdogo anavyomsalimu mkubwa, nami nikimjibu "mbona". Hakuninunia. Afadhali angeninunia.

Siku ya somo la saba mvua ilinyesha ghafla, naye aliniletea mwavuli. Sikumwona alipofika. Nilikuwa mbele ya darasa na kadi na sindano, nikatikisa, na kadi zilizodondoka hazikuwa zile nilizozitangaza. Nilikuwa nimezikata mianya upande usio wake. Nilijaribu tena, zikadondoka vilevile, wanafunzi wakaanza kunong'ona. Nilipoinua macho nikamwona dirishani, maji yanamtiririka usoni, mwavuli umefungwa mkononi. Mkono wake mwingine ulikuwa umejiinua kidogo, vidole viwili vimeshikana kama vimeshika kitu, ukinionyesha kwamba nizigeuze kadi. Nilizigeuza. Somo likatoka. Mwanafunzi mmoja akapiga makofi, wengine wakamfuata, na makofi yale yote nilipigiwa mimi. Nilipotazama tena dirishani, hakuwapo. Mwavuli aliuacha kwa mlinzi.

Nilikimbilia nyumbani baada ya kipindi nikitaka kumwomba radhi, kwa maneno niliyoyapanga njia nzima. Nilimkuta anasonga ugali wa mhogo. Akanitangulia, akaniambia kwamba yupo fundi cherehani wa Belobaka, Mkomoro, mjane, ambaye ameleta posa kupitia kwa jirani, naye ameamua kukubali. Nilimuuliza kama anampenda. Akasema ni mtu mpole. Kisha akaniuliza kama mvua ilinilowesha.

Harusi ilikuwa ndogo. Belobaka si mbali, ni pale tu mji unapoishia kwenye barabara ya bara, lakini nilikwenda mara chache kuliko nilivyoweza. Kila nilipokwenda nilikuta nyumba imefagiwa, chai imewekwa, na tukazungumza habari za watu.

Kundi la kwanza lilipomaliza, nilisafiri hadi mji mkuu kwenye kikao cha kurekebisha mtaala, na nikapigania jambo moja tu. Walinipa. Sharti la umri likafutwa. Nilichukua ile karatasi mpya, bado inanuka wino, nikapanda gari hadi Belobaka. Mdogo wangu alikuwa na mtoto mmoja mgongoni na wa pili tumboni. Aliisoma karatasi yote, mstari kwa mstari, hata mistari isiyomhusu.

"Vizuri," akasema. "Wapo watakaofaidi."

Nikamwambia kwamba somo la saba lilikuwa lake tangu mwanzo, na kwamba sikumwambia mtu. Nilisema hayo nikitazama sakafu.

"Nilijua," akasema. "Niliyaona yote siku ile dirishani." Akamteremsha mtoto mgongoni, akanipa nimshike, kwa sababu chungu kilikuwa kinafurika.

Miaka michache baadaye mumewe aliihamishia familia yote kisiwani Ngazidja, kwa ndugu zake. Tuliandikiana barua za Idi. Zake zilikuwa na mwandiko mzuri, na kila moja iliuliza wanafunzi wanaendeleaje. Mimi kila mara nilijibu kwamba wanaendelea vizuri, na kila mara nilianza sentensi nyingine ambayo sikuimaliza.

Barua iliyoleta habari ya kifo chake iliandikwa na mumewe. Ilikuwa homa, siku nne. Tarishi aliileta shuleni, nikaifungua mbele ya darasa nikidhani ni jambo la ofisi. Niliisoma, nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikaendelea kufundisha hadi kengele. Mwanafunzi mmoja aliniambia siku nyingine kwamba hesabu ile ya ubaoni niliirudia mara tatu, ileile, na kwamba hakuna aliyethubutu kuniambia.