Aliyekufa Akiwa Kaimu

Habari zilinifikia asubuhi nikiwa sokoni hapa Nakuru, nikichagua viazi. Simu ilitetemeka, nikaifungua, nikasoma kwamba rafiki yetu tuliyesoma naye chuoni ametutoka. Alikuwa amemaliza kufundisha, akaketi kwenye kiti cha mbele kabisa ukumbini, na wanafunzi wakadhani anangoja watoke ili afunge mlango. Kumbe ni moyo. Niliondoka mikono mitupu, mwenye kibanda akaniita, "Boss, umesahau viazi zako!" nami nikazidi kwenda. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua siandiki tanzia ovyo, maana marehemu hawezi kunikosoa nikimsifu kupita kiasi. Huyu ninamwandika kwa sababu nina hasira, na hasira yenyewe inatokana na neno moja tu.

Neno hilo ni kaimu. Alifanywa kaimu mkuu wa idara wakati kifungua mimba wake alikuwa akijifunza kusoma. Leo kijana huyo anamaliza sekondari. Aliambiwa ni kwa muda mfupi. Akabeba kazi yote: ratiba, mitihani, wanafunzi wanaolilia alama zilizopotea, wahadhiri wanaogombania vyumba. Lakini kila alipopendekeza jambo, tuseme somo jipya au mwalimu wa kuongeza, wakubwa walimjibu, "Hebu tungoje mwenyewe apatikane." Mwenyewe! Mtu yuko kitini jasho linamtoka, na bado anaambiwa amngoje mwenyewe. Wenzake wakaanza kumwita Kaimu kwa utani, wanafunzi nao wakalidaka, likawa jina. "Niaje, Kaimu!" vijana walimpigia kelele uwanjani, naye akacheka na kuwapungia mkono. Mkewe aliniambia kwamba kicheko hicho hakikuwahi kuvuka geti la nyumbani.

Niliwahi kumtembelea ofisini. Kuta zilikuwa tupu, vitabu vyake vimejaa kwenye katoni, na kila alipotaka kunionyesha kitu ilibidi ainame afukue. Nikamtania kwamba anakaa kama mpangaji anayefukuzwa na landilodi. "Wakinithibitisha nitavipanga," akasema. "Nikivipanga sasa, halafu waniletee mtu, nitaanza kuvipakia tena watu wakiniangalia? Hapana, acha vikae." Huyu ndiye mtu ambaye tulipokuwa wanafunzi alikuwa akigombana nasi tukiweka kitabu sakafuni.

Kisha kuna ile semina. Chuo kiliwapeleka wahadhiri Naivasha, kwenye hoteli ya kando ya ziwa, wakafundwe kuhusu motisha kazini, nami nikaalikwa kama mwandishi. Mwezeshaji, kijana mwenye tai nyekundu na maneno matamu, alimtaka kila mmoja ataje kitu kimoja kitakachomfanya aamke na hamu ya kwenda kazini. Mmoja akataka projekta inayowaka. Mwingine akataka darasa ambalo wanafunzi hawasikilizi wakiwa dirishani kwa kukosa nafasi ndani. Ikafika zamu ya rafiki yangu. "Mniondolee neno moja," akasema. Ukumbi ukaangua kicheko. Hata wale waliokuwa na uwezo wa kuliondoa walicheka mpaka wakafuta machozi. "Hiyo nzuri, hiyo nzuri sana," mwezeshaji akasema, akaandika "neno" ubaoni na kusonga kwa mwingine. Wakati wa chai nilimwona rafiki yangu amesimama peke yake, anakoroga chai ambayo hajaitia sukari.

Siku hizi tunapenda kulalamika kwamba wahadhiri wamekufa moyo. Eti wanasoma notsi za zamani, eti wanafundisha macho yakiwa kwenye saa. Kuna wa namna hiyo, sikatai. Lakini niulize: mtu akifanya kazi miaka nenda miaka rudi huku akikumbushwa kila uchao kwamba si yake, hamu ataitoa wapi? Nilikaa darasani mwake mara moja, na nawaambia kwamba mtu yule alipenda kufundisha. Aliuliza swali, akanyamaza, akawaacha vijana wahangaike nalo mpaka mmoja akapata jibu. Darasa halikumchosha hata kidogo. Uchovu wake ulikuwa ukimngoja koridoni, kwenye milango ya wakubwa. Na asidhani mtu kwamba hii ni shida ya chuo kimoja. Bonde letu hili limejaa makaimu, mashuleni, hospitalini, maofisini, na wakubwa wanawapenda sana. Kaimu hagombi. Hadai. Akitumwa anakwenda, akitukanwa anameza, kwa sababu akiinua sauti leo, kesho nani atamthibitisha? Huo si uongozi, jamani, ni kumkalia mtu shingoni huku unamwahidi kwamba utashuka. Inaniuma mno nikikumbuka jinsi alivyokuwa akiniambia kila Krismasi kwamba mwaka ujao mambo yatakuwa sawa.

Tulimzika Jumamosi huko Bahati, shambani kwa mama yake, pembeni ya mahindi yaliyokuwa yameanza kukauka. Mama huyo ni mkulima, na maisha yake yote amejua kwamba Kaimu ni cheo kikubwa cha chuo kikuu. Alikuwa amekitolea ushuhuda kanisani. Marehemu hakuwa na roho ya kumsahihisha. Kwa hiyo mama mwenyewe alimwagiza fundi aandike msalabani, mbele ya jina la mwanawe, KAIMU, kwa herufi kubwa nyeusi. Wahadhiri walipouona msalaba ule wakainamisha vichwa. Kisha mjumbe wa chuo akasimama, akamsifu marehemu kuwa nguzo, akatutoa wasiwasi kwamba kazi haitalala. "Tayari tumeshateua kaimu," akasema.

Mama, niliyekuwa nimeketi karibu naye, alinishika mkono wa koti.

"Huyo Kaimu mwingine ametoka wapi?" akaniuliza. "Si Kaimu ni kijana yangu?"

Sikupata njia ya kulikwepa. "Mama, kaimu ni mtu wa kushikilia kazi mpaka mwenyewe apatikane."

"Na mwenyewe alikuwa nani?"

"Alikuwa ni yeye, Mama. Hakukuwa na mwingine."

Akalitazama kaburi, ambalo vijana walikuwa wameanza kulijaza udongo. "Sasa mbona hawakumwambia?"

Swali hilo si langu kulijibu. Ni lenu ninyi mlioshika kalamu za kuthibitisha watu, mnaosema faili bado liko mezani, mnaosema tungoje kikao kijacho. Mwambieni mtu kwamba kazi ni yake angali na masikio ya kusikia.