Futari Niliyomrudishia Mamangu

Nakumbuka siku moja ya Ramadhani, mwanangu, na mpaka leo haya hunishika. Nilikuwa nimeolewa karibuni, nakaa Kibokoni, uchochoro wa pili kutoka kwa mamangu. Nilikuwa nimeanza kwenda darsa kwa Maalim Bi Rukia, na moyo wangu umepata utulivu nisiowahi kuuonja. Lakini kwetu walinuna. Nilipoacha kuwapa mkono binamu zangu wa kiume, mamangu alinicheka mbele ya wageni, akaniita walii wa Kibokoni. Niliumia, sikufichi.

Jioni ile akanitumia futari, kama ilivyo ada yetu: mbaazi za nazi na mahamri, zimefunikwa kawa. Aliyeileta ni dadangu. Nikamwambia airudishe vile vile, haijaguswa. Nawe wajua, Mji wa Kale sahani hairudishwi tupu, lazima utie kitu chako, sembuse kuirudisha na chakula chake! Kiburi si maungwana, lakini mimi nilikiona ni ucha Mungu.

Kesho yake nikaenda darsani kujisifu. Maalim alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga kitabu.

"Hukukataa mbaazi, umemkataa mamako," akaniambia. "Hapa usije mpaka akupe radhi."

Nililia njia nzima, lakini nikaenda. Mamangu hakuniitikia salamu. Nikajitanda leso, nikakaa kwenye mbuzi, nikakuna nazi. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Binamu zangu wakija kufuturu niliwaamkia kwa uso mkunjufu na kuwapakulia, mkono nikiuweka kifuani badala ya kuwapa, hilo sikuliacha. Siku ya tano mamangu akaketi kando yangu.

"Nilidhani hiyo darsa imeninyang'anya mwanangu," akasema. Kisha akauliza, "Huanza saa ngapi?"

Basi nawe, mwanangu, uliyenijia jana ukilia kuwa kwenu wakuona umepotea, usiiache njia uliyoiona. Lakini wala watu wako usiwatupe. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wakikucheka, nyamaza. Wakikuita, nenda, na wakikupa chakula, kula. Wewe wataka waone Mungu amekuzidishia nini, nao watazama kwanza kama bado wawapenda.

Mola akupe subira, akulainishie nyoyo za wazee wako, na ije siku uombe dua wao wakiitikia amina.