Kiapo cha Wavulana wa Makasia

Jumamosi ile tulikuwa mtoni tunafua fulari zetu, vile vitambaa vya buluu vya shingoni ambavyo mji mzima wa Uvira ulitutambua navyo. Sabuni ilikuwa kipande kimoja na sisi wavulana zaidi ya ishirini, kwa hiyo ugomvi haukukosekana. Kashindi, mdogo kuliko wote, alikuwa amekaa juu ya jiwe akifua fulari ya mwenzake. Yeye hakuwa nayo bado. Kwetu mvulana alivaa kamba nyeupe kiunoni mwaka mzima akijifunza sheria, na ilipofika Pasaka ndipo aliposimama mbele ya altare, akaapa, akafungwa fulari. Kashindi alikuwa anangoja Pasaka ijayo, na alitusumbua masikio na habari hiyo mpaka tukachoka.

Kikundi chetu kilianzishwa na padri mmoja mzungu kabla ya uhuru. Alituita Makasia kwa sababu, alisema, kanisa ni mtumbwi, na mtumbwi hauendeshwi na mtu mmoja. Sisi tulidhani anatafuta watu wa kumbebea maji tu, na kweli tulimbebea. Lakini tuliwachotea vikongwe pia, tukawapelekea wagonjwa kuni, tukaimba, na siku ya uhuru tukapiga gwaride mpaka magoti yakauma. Padri aliporudi kwao, watu wakasema Makasia wamekwisha. Hawakumjua Leoni.

Leoni alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kazi yake kupima mizigo kwenye bandari ya Kalundu. Alikuwa mpole wa sauti na mgumu wa kichwa, mgumu kama ugali wa jana. Alikichukua kikundi bila kuombwa, akanifanya mimi msaidizi wake na mpiga ngoma. Sheria alizotufundisha zilikuwa chache. Ile ya kwanza tuliisema wote kwa sauti kila mkutano: Kasia hasemi uongo, hata kama kweli inamchoma.

Vita vilitufikia kwanza kama uvumi kutoka uwanda wa Ruzizi. Watu wa Bwegera, kijiji cha huko uwandani, walikuja na mpunga waliouvuna haujaiva, wakasema ni afadhali kuula mbichi kuliko kuuachia wengine. Kisha askari wa serikali walipita barabarani wakielekea kusini, na hawakusimama hata kuomba maji. Kesho yake mji ulikuwa mikononi mwa waasi.

Wengi wao walikuwa watoto wa watu tuliowajua. Walijifunga majani kichwani, na kwenye paji la uso walikuwa na chale mbichi, mahali mganga alipopitishia dawa. Ukichanjwa hivyo na kunyunyiziwa maji, walisema, risasi ya adui haikuingii. Masharti yake yalikuwa mengi: usiibe, usimguse mwanamke, usiangalie nyuma. Ukivunja moja, dawa inakutoka. Sikucheka wakati ule, wala sicheki leo. Mtu mwenye hofu hushika kilicho karibu naye.

Kwa muda walituacha. Halafu kamanda wao akaanza kutafuta vijana wa kupeleka mbele, na mtu akamwambia kwamba parokia ina wavulana wanaojua gwaride tayari. Nani alimwambia, sijui, na sitafuti kujua.

Leoni alipata habari bandarini asubuhi. Alipanda mbio mpaka parokia, akatukusanya katika chumba cha katekesi, akafungua sanduku la fulari. Wenye kamba tu walikuwa wanne, Kashindi mmoja wao. Akawafunga kila mmoja fulari kwa mkono wake.

“Leo wote mumeapa,” alisema. “Bakiuliza, munyamaze. Minye ndiye nitajibu.”

Walikuja kabla jua halijawa kali. Kamanda alikuwa mtu mzima, msemaji wa polepole, na nyuma yake alikuja mganga na kibuyu.

“Batoto bako banajua kusimama,” kamanda alimwambia Leoni. “Bapange mustari.”

Tukapanga mstari. Ndivyo tulivyozoea.

Leoni alivua kofia. “Mzee, hawa wamekwisha kufungwa. Waliapa mbele ya altare, wakamwagiwa maji ya baraka. Muntu mumoja habebi dawa mbili. Ukiweka yako juu ya hii, zitapigana ndani ya mwili, na hatujui ni ipi itaharibika.”



Kamanda alimgeukia mganga. Mganga akapita mbele yetu, akatazama fulari moja moja, bila kuzigusa. Akatingisha kichwa. Hakutaka dawa yake ichanganywe.

“Basi,” alisema kamanda. “Wenye kufungwa, tubaache.”

Tulikuwa tumepona. Nilimwona Leoni akishusha mabega.

Kisha kamanda akauliza, kama mtu anayeulizia njia: “Wote mumeapa? Hakuna wa bado?”

“Wote,” alisema Leoni.

Kashindi akainua mkono.

“Minye bado,” alisema. “Nitaapa Pasaka.”

Hakusema kwa ushujaa. Alisema vile tulivyosema mkutanoni siku zote, mtu akiwekwa mahali ambapo si pake. Wale watatu wengine waliinamisha macho na kunyamaza. Wote watatu wako hai, wana wajukuu, na mimi siwalaumu hata kidogo.

Leoni alisema huyu ni mtoto, hajui anachosema. Hawakumsikiliza. Akasema basi wamchukue yeye mahali pake.

“Weye umefungwa,” kamanda alimjibu. “Weye mwenyewe umesema.”

Wakamvua Kashindi fulari, wakamrudishia Leoni mkononi. Mtoto akaondoka katikati yao. Alikuwa anajaribu kwenda nao hatua sawa.

Baadaye mtu wa Bwegera alitueleza kwamba alimwona uwandani, amebeba sanduku la risasi kichwani, kamba yetu nyeupe bado iko kiunoni. Baada ya hapo hakuna aliyemwona. Serikali iliporudi tuliuliza kila aliyeshuka kutoka milimani walikokimbilia waasi, hata wachunga ng'ombe wa upande wa Mulenge. Tuliuliza mpaka watu wakaanza kutukwepa.

Wavulana zaidi ya ishirini tulirudi kwa mama zetu siku ile kwa sababu Leoni alisema uongo. Mmoja hakurudi kwa sababu alisema kweli. Watu huniambia hiyo ilikuwa bahati kubwa, na kwa hesabu yao ni kweli. Mimi nimeongoza watoto wa parokia miaka mingi tangu hapo, na neno hilo la bahati linaniudhi mpaka leo.

Leoni alikaa muda mrefu bila kuthubutu kwenda kwa mama yake Kashindi. Mwishowe aliniomba nimsindikize. Tulimkuta Kalundu, ameinama mchangani, anaanika ndagala. Leoni alipiga magoti palepale.

“Mama, ile sheria ni minye nilimufundisha. Kosa ni langu.”

Mama aliendelea kutandaza samaki.

“Hapana weye,” alisema. “Alipokuwa mudogo aliiba sukari. Nikamuambia, ukikana nitakupiga, ukisema kweli nitakuacha. Akasema kweli, nikamuacha. Wakati ule kwenu hakujua hata njia. Ni minye.”

“Mama, ni minye nilimusimamisha kwenye mustari.”

“Nyamaza, Leoni. Mutoto ni wangu.”

Leoni hakunyamaza, na mama hakukubali. Hakuna aliyepandisha sauti. Jua lilikuwa limeanza kuchoma, nami nilikuwa na kazi nyumbani. Niliwaacha pale mchangani, kila mmoja anamnyima mwenzake lile kosa.