Sura Niliyoikata Makambako

Siku yangu ya kwanza kwenye gari la sinema, Bwana Afisa wa Habari hapa Njombe alinikabidhi wembe na chupa ya gundi kabla hata sijaiona mashine. Alinieleza kwamba filamu hukatika. Ikikatika unaondoa picha zilizoharibika, unakwangua ncha mbili, unapaka gundi, unabana. "Watazamaji wasijue," alisema. Kazi hiyo niliijua kuliko zote, na ndiyo iliyoniponza.

Makambako alikuwapo Mgiriki mmoja, Bwana Yani, mnunuzi wa magome ya miwati, yale ya kulainishia ngozi. Ujana wake aliumalizia jukwaani kwao, akizunguka na kundi la maigizo mji hadi mji. Mwishoni alicheza filamu moja, na kabla haijaonyeshwa akapanda meli kumfuata kaka yake huku. Hakupata kujiona. Dada yake alipomtumia mkanda wa filamu ile, alikuja mwenyewe kutuomba tuuonyeshe ghalani kwake, wafanyakazi wajue alikuwa nani.

Kanuni ilikuwa kuujaribu mkanda kwanza. Asubuhi, nikiwa peke yangu ghalani, nilimwona kijana akifika mlangoni, akageuka, sura ikajaa shuka lote la kuonyeshea picha. Pua ilikuwa ya Bwana Yani bila ubishi. Hapo mkanda ukakwama mbele ya taa, ukaungua. Nikakata, nikaunga, nikatupa vipande.

Mchana tuliziba madirisha kwa magunia. Bwana Yani alikaa mbele, amevaa suti. Kijana akafika mlangoni, mara mlango umeshafungwa. Wafanyakazi, Wabena wa watu, wakapiga makofi kwa adabu. Yeye akaniuliza kama ndiyo yote, nikajibu ndiyo yote.

"Basi walinikata," alisema. "Mkubwa wa kundi letu la maigizo aliniambia sina sura ya filamu. Neno hilo ndilo lililonileta huku."

Niliogopa kufukuzwa, nikaficha kosa langu, nikafungasha mashine. Wiki mbili zikapita. Lakini mficha uchi hazai. Nikadandia lori la mbao hadi Makambako, nikamweleza Bwana Yani yote. Hakunitukana. Aliuliza kama nilimwona kweli. Nikasema nilimwona, kitambo kidogo.

"Nionyeshe."

Nikaenda mlangoni kwake, nikageuka kama yule kijana. Akatikisa kichwa, akataka polepole zaidi. Nikarudia mpaka akasema, "Ndivyo." Akalia, nami nikalia.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama niliwahi kuadhibiwa kazini. Bwana Afisa hakujua kamwe. Ila sura ile ya ujana wa mtu niliiona mimi peke yangu, na asubuhi ile nilikuwa nawaza chai.