Dakika Moja ya Bahari

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeshika kichwa cha mteja, nusu kimesukwa, nusu bado kimesimama wima, aliponisogezea simu yake usoni. Ni dada Mkenya, anafanya kazi benki huko Sandton kwa matajiri, na huja mpaka saluni yetu ya Joubert Park, hapa Johannesburg, kwa sababu anasema kule kwao wanakusuka kimya kama wanafanya mtihani. Kwenye simu kulikuwa na picha mbili za bahari ya Italia. Ya kwanza, miavuli imepangwa safu kwa safu mpaka mchanga hauonekani. Ya pili, kijiji kidogo chenye nyumba za rangi ya chungwa, mashua mbili zimevutwa juu, na mtu hayupo.

"Aki nisaidie," akasema. "Watoto wanataka huku kwa watu. Mimi nataka huku kwa kimya. Na mzee wangu ananiuliza tangu juzi, sijamjibu. Wewe ungechagua gani?"

Mimi, ambaye hata bahari ya Durban sijafika! Nikacheka, kwa sababu mimi hucheka haraka, lakini vidole vikasimama katikati ya msuko. Maana, rafiki yangu unayesoma, swali hilo niliulizwa nikiwa na miaka kumi, nikalijibu vibaya, na mpaka leo likinijia natamani kuuma kitana.

Ngoja nikueleze. Tulikuwa wanne, Papa, Mama, mdogo wangu wa kike na mimi, ghorofa ya tatu, kwenye kona yenye robot. Huku kwetu taa za kuongoza magari tunaziita robot, na ile ya kwetu ilikuwa mtu wa tano wa nyumba. Ikiwa nyekundu, teksi zinapiga honi kwa hasira. Ikiwa kijani, zinapiga honi kuita abiria. Umeme ukikatika, zinapiga honi kwa sababu hakuna anayejua zamu ni ya nani.

Papa alikuwa mlinzi getini, zamu ya usiku, kwa hiyo mchana ndio ulikuwa usiku wake. Alirudi tukiwa tunakunywa chai na magwinya ya moto, maandazi ya huku, mafuta yanatuchuruzika mpaka kiwikoni. Anatugusa vichwa, anavua buti, anaingia kulala, na hapo ndipo Johannesburg nzima inaamka. Juu yetu alikaa fundi cherehani, Mrundi, na mashine yake ilitikisa vikombe kabatini. Mama alikuwa na mpini wa ufagio kwa kazi hiyo tu. Anagonga dari mara tatu, cherehani inanyamaza, tunahesabu mpaka kumi, halafu inaanza tena taratibu, kama mtu anayenyata.

Sisi watoto tulijifunza kucheza kwa kunong'ona. Nilijua kucheka ndani ya mto, na kufunua sufuria ya sombe, kisamvu chetu, bila mfuniko kulia. Kinu Mama alikibeba mpaka juu ya paa, tulikokuwa tunaanika nguo, akatwangia huko, na harufu ya majani mabichi ikashuka ngazi zote. Pamoja na hayo yote Papa hakulala. Alikulia Uvira, Kongo, nyumba ya tatu kutoka ziwani, na alisema usingizi wake mzima aliuacha kule.

Basi mama mdogo, mdogo wake Mama, alikuwa Italia, anamtunza bibi mmoja mzee. Mwaka huo akatuma ujumbe: njooni wote vakanse, likizo ya wiki moja, nauli ni juu yangu, na ndugu za huyu bibi wanajua watu wenye nyumba za pwani. Shemeji achague mahali. Na hapo ndipo alipokosea! Unamwambia mtu ambaye hajalala miaka sita achague mahali pa kulala?

"Muulize kama kuko robot," Papa akaniambia. Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa simu, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyepesi. Nikauliza. Mama mdogo akajibu kwa ujumbe wa sauti, akishangaa: "Robot ya nini? Ya kufagia nyumba?" Tulicheka mpaka Mama akatuziba midomo kwa kanga.

Lakini alikuwa na moyo yule mama mdogo. Kila Jumapili, siku yake ya mapumziko, alipanda treni akashuka kwenye mji mmoja wa pwani, akasimama mahali, akarekodi dakika moja bila kusema neno, akatutumia. Papa alikuwa anachagua bahari kwa masikio. Baada ya kanisa tulikaa wote kitandani kuzunguka simu, tumeshika pumzi.

Ya kwanza ilikuwa muziki na watoto wanapiga mayowe. Papa akatikisa kichwa. "Hiyo ni rank ya teksi, imetiwa maji tu."

Ya pili ilikuwa na kengele ya kanisa. "Kila robo saa? Mungu wao hasinzii?"

Ya tatu ilikuwa nzuri, mawimbi madogo, upepo, mpaka mwisho kabisa ikapita pikipiki.

"Pikipiki moja, Baba Watoto!" Mama akasema. "Moja tu!"

"Moja ndiyo inaniamshaka."

"Eish! Unachagua bahari ama unachagua bibi arusi?"

Wiki zikaenda hivyo. Viza ilikuwa imeshatoka, jambo ambalo kwa watu wenye karatasi kama zetu ni muujiza, na siku zake zilikuwa zinahesabika. Likizo ya shule ya Julai ilikuwa mlangoni. Fundi wa juu, yule yule wa kugongewa dari, alikuwa ametushonea mimi na mdogo wangu nguo za kuogelea kwa bitana iliyobaki kwenye suti za kwaya. Nilimwambia mwalimu darasani kwamba nakwenda Italia. Akaniambia niwaletee wenzangu chupa ya mchanga. Kila siku akaniuliza ni mji gani, na kila siku nikajibu, "Papa bado anasikiliza."

Ya nne ilikuja Jumapili moja ya baridi kali, tumewasha hita ndogo. Nikaiweka simu karibu na sikio la Papa juu ya mto. Maji yalikuwa yanagusa mawe kidogo kidogo, kama mtu anayeonja chai ya moto. Mbali, mtu alikuwa anafagia. Basi.

"Rudia," Papa akasema. Nikarudia.

"Rudia tena."

Mara ya tano hakusema kitu. Alikuwa amelala, mdomo wazi, soksi miguuni. Nje robot ilikuwa inaendelea na ugomvi wake, honi juu ya honi, na yeye hakutikisika hata kope. Mama alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Sikuwahi kumwona baba yangu amelala hivyo. Uso wake ulikuwa wa kijana.

Ndipo ujumbe ukaingia. Mama mdogo: "Niko hapa na mwenye nyumba, ufunguo anao mkononi. Kuko Wajerumani wanaitaka nao. Shemeji anasema nini?"

Nikamtazama Mama. Mama akamtazama Papa. Nusu saa tu, labda Mama alikuwa anawaza, nusu saa ya usingizi wa Uvira.

"Muache alale," akanong'ona. "Mwambie sasa hivi."

Nikaandika: *Sasa hivi.*

Sasa nisikilize vizuri. Huku Johannesburg sasa hivi si sasa hivi. Wenyeji kwa Kiingereza chao wanasema *just now* wakimaanisha baadaye, na Kiswahili chetu kimeambukizwa. Fundi akikuambia sketi yako inatoka sasa hivi, utaivaa Krismasi. Hakuna anayekasirika, wote tunajua. Lakini mama mdogo alitoka Uvira akaenda Italia, huku kwetu hakupita. Kwake sasa hivi ilikuwa bado nzima. Akamwambia mwenye nyumba jibu linakuja dakika hii. Akakaa kwenye kizingiti, simu kiganjani, yule mzee mwenye nyumba amesimama pembeni. Mwanzo alimkaribisha maji. Kisha akawa anatazama saa. Kisha akaacha kumtazama. Mama mdogo alipiga simu, lakini nilikuwa nimeizima sauti ili Papa asiamke, na nilikuwa jikoni natenganisha mawe na maharage, nafurahi, naimba kimoyomoyo. Jua liliposhuka kwao, mzee akawapa Wajerumani ufunguo.

Papa aliamka wakati wa kwenda zamu. Alijinyoosha, akatabasamu, akatafuta buti. "Ni hapo," akasema. "Mwambieni ni hapo."

Nikafungua simu nimwandikie mama mdogo, nikakuta ujumbe wake wa mwisho: ufunguo umekwenda.

Kwa wiki ile ilikuwa imebaki nafasi kwenye ule mji wa kwanza tu, wa muziki. Mama alimbembeleza mpaka akalia. Papa akasema, "Kelele niko nazo hapa, nizifuate mpaka Italia?" Nilimchukia siku hiyo, nakuambia kweli. Julai tukavaa nguo zetu za bitana kwenye beseni la kufulia, maji ya birika, mimi na mdogo wangu, meno yanagongana, na tulipopiga maji Mama akasema shh, Papa amelala. Shuleni nilimpelekea mwalimu chupa ya mchanga wa wajenzi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka dirishani, na sijui mpaka leo kama alijua.

Papa hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Alisema tu, "Nililala, mwanangu, si kitu." Kila asubuhi akaomba ile dakika moja, akalala nayo sikioni, mpaka simu ikanyakuliwa karibu na Park Station, na bahari yetu ikaondoka na mwizi ambaye nina hakika aliifuta bila hata kuisikiliza. Yule bibi mzee alifariki, mama mdogo akahamia Kanada. Fundi naye alihama na cherehani yake. Hata robot ya kona, miezi sasa imeinama, haiwaki.

Hayo yote nilimsimulia dada wa Sandton nikisuka. Mwisho nikamwambia, "Mjibu mzee wako. Sasa, dada. Ile sasa ya zamani."

Akafuta machozi, akacheka, akatia simu mkobani. "Nitamjibu sasa hivi."

Nilimvuta ule msuko, Mungu anisamehe.

Jioni nikarudi nyumbani, ghorofa ile ile ya tatu. Papa ameacha ulinzi, na masikio yake yamechoka. La kushoto limekufa kabisa, la kulia linasikia ukipiga kelele. Anakaa dirishani anatazama teksi zinazofungua midomo bila sauti. Nikamwandalia fufu na samaki, nikakaa upande wa kulia.

"Papa, tungeenda bado? Kule kwa kimya?"

"Nini?"

"Bahari! Ile ya kimya!"

"Kimya nifanyie nini, mwanangu? Kimejaa humu." Akajigusa kichwa. Halafu akakivuta kiti changu mpaka magoti yakagusana. "Sema. Sema kwa nguvu. Siku yako ilikuwaje?"

Nikamsimulia, kwa sauti yote niliyoibana utoto wangu mzima, habari za nywele, za Mkenya, za miavuli, naye anacheka, na mimi nacheka, mpaka sakafu ikaanza kugongwa kutoka chini. Mara tatu, kwa mpini wa ufagio.

Mimi ndiye niliyesikia. Papa akasema, "Endelea."