Foleni ya Wezi Wadogo

Wazazi walimwita Bi Nusanusa, na yeye alilijua jina hilo na alishamshuku kila mmoja wao kuwa ndiye aliyelianzisha. Hakuwa mtu mbaya. Alifundisha chekechea miaka mingi, na watoto walimpenda. Ila kuamini mtu, hilo lilimshinda. Sokoni alibonyeza nyanya moja moja huku akimkazia macho muuzaji, kana kwamba ubovu ungeonekana usoni mwake. Mumewe akirudi mapema, aliuliza kulikoni. Akichelewa, aliuliza kulikoni. Ukimsifia gauni, alirudi nyumbani akiwaza unataka kuazima nini kwake. Mumewe, fundi cherehani asiye na maneno mengi, alikwisha kuzoea.

Ndivyo alivyolelewa. Kwao walizaliwa utitiri, na kosa likitokea mama yao aliwachapa wote, mwenye kosa na asiye nalo, ili mkosaji asiponyoke. Yeye alilia kwa makosa ya kaka zake mpaka akaapa kwamba siku akikabidhiwa watoto wa watu, fimbo haitaonekana. Na kweli haikuonekana. Darasani mwake sheria ilikuwa moja: anayekiri kosa haadhibiwi. Anakumbatiwa, anapigiwa makofi, na siku hiyo anakaa mbele, kando ya mwalimu. Asiyekiri ndiye aliyekaguliwa mifuko na kunuswa viganja. Mwalimu mkuu aliisifu sana sheria hiyo kwenye mikutano ya wazazi.

Kila msimu wa mapera aliwapeleka watoto kutembea kwenye shamba la mama mmoja nje ya mji. Mwaka huo alianza kushuku hata kabla basi halijaondoka, maana dereva alivaa koti lenye mifuko mikubwa na jua lilikuwa kali. Walipofika, mwenye shamba aliwaonyesha miti ya kuchuma, kisha akawapeleka kwenye mkomamanga mchanga uliozaa kwa mara ya kwanza. Ulikuwa na tunda moja tu, limefungwa kitambaa chekundu. Akawaomba wasiliguse, analiacha liive. Bi Nusanusa akawauliza watoto cha mtu kinafanywaje, nao wakaitikia kwa pamoja kwamba cha mtu hakiguswi. Alijisikia fahari mpaka shingo ikarefuka.

Saa ya kuondoka walipita palepale. Kitambaa kilikuwa chini na komamanga halipo. Mwenye shamba alicheka akasema yaishe, watoto ni watoto. Maneno hayo yalimchoma Bi Nusanusa kuliko matusi. Alisema watoto wake si wezi, na basi halitaondoka mpaka kweli ijulikane. Akawapanga kando ya basi, akaanza kunusa viganja. Vyote vilinuka mapera. Akapekua mifuko ya koti la dereva pia, dereva akamwachia huku akitikisa kichwa.

Ndipo jicho lake likatua kwa Kidoti, msichana wa miaka mitano mwenye alama nyeusi shavuni, ambaye ukimsemesha hutazama miguu yake. Kutwa nzima hakuwa amechuma hata pera moja. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, mwalimu alijiambia. Mtoto gani anakuja shambani asichume, kama hajapata kilicho bora zaidi? Akafungua mkoba wa mtoto, akakuta sweta na chupa ya maji. Badala ya kutulia, akazidi kushuku: huyu amelificha wapi?

"Sema kweli, mwanangu. Unajua sikuchapi."

"Sikuchukua, mwalimu."

Alimuuliza kwa ukali, akamuuliza kwa upole, akamuuliza kwa kumbembeleza. Jibu lilikuwa lilelile. Jua likazidi, wenzake wakaanza kulalamika kiu, na mtoto mnene waliyemwita Bonge akaona sasa imetosha. Akanyoosha mkono, akasema ni yeye. Akakumbatiwa, akapigiwa makofi, akapelekwa kiti cha mbele kwenye kivuli. Tunda liko wapi? Amelila. Na ganda? Na ganda.

Kufumba na kufumbua, foleni ikajipanga. Mapacha wakakiri kwamba wamelila wao wawili. Mwingine alilila peke yake. Mmoja akasema alilila jana. Dereva alicheka mpaka akaegemea tairi. Mtu yeyote mwenye macho angeona, lakini Bi Nusanusa aliyeshuku kila kitu duniani hakuwahi kujifunza kushuku ungamo. Alichoona yeye ni njama: darasa zima limeshirikiana kuiba, na asiyekiri ndiye kiongozi wao. Akawakumbatia wote, mmoja baada ya mwingine. Kidoti akakaa peke yake kiti cha nyuma kabisa, akilia bila sauti.

Walipokuwa langoni mwa shule wakisubiri wazazi, simu ikalia. Ni mwenye shamba, na aibu imemjaa. Mumewe ndiye aliyechuma lile komamanga wakati watoto wako kwenye mapera, akampelekea mama yake. Wazo la kwanza la Bi Nusanusa lilikuwa kwamba mama huyu anawafichia watoto. Akaomba azungumze na mume mwenyewe. Mume akaja, akasema ni kweli, na mama yake amelifurahia. Bi Nusanusa akabaki ameshika simu, aibu imempanda mpaka masikioni. Darasa zima lilisema uongo na yeye akalipigia makofi. Mmoja tu ndiye aliyesema kweli, naye akamweka nyuma. Kidoti alikuwa ameshachukuliwa na bibi yake.

Asubuhi yake alifanya jambo ambalo yeye mwenyewe utotoni hakuwahi kufanyiwa. Alipiga magoti mbele ya Kidoti, darasa zima likitazama.

"Jana ulisema kweli, mimi sikukuamini. Nilikukosea, mwanangu. Nisamehe."

Kidoti alitikisa kichwa kukubali, akitazama miguu yake. Bi Nusanusa aliinuka na machozi, moyo umekuwa mwepesi. Akaona yamekwisha.

Kabla ya mapumziko, alipogeuka kufuta ubao, kiwiko chake kiligonga jagi la maji lililokuwa mezani. Likaanguka, maji yakatapakaa sakafuni. Hakuna mtoto aliyekuwa karibu, na alijua fika kwamba ni yeye. Lakini mazoea yana taabu, mdomo ukatangulia:

"Nani amemwaga maji?"

Wa kwanza kusimama alikuwa Kidoti. Hakutazama miguu yake. "Ni mimi, mwalimu," alisema, na tayari alikuwa anakuja mbele, mikono ameifungua akumbatiwe.