Baba alichagua gari kwa kugonga bati, mimi kwa kuhesabu nyota: sote tulikuwa tunakosea

Wakuu, habari za wakati huu. Haya yametokea nyumbani kwetu na sijayatia chumvi. Nimeficha majina tu.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Dodoma, naishi Makole. Mwaka jana nilipata ajali barabara ya Kondoa, nikiwa abiria katika gari dogo la rafiki yangu. Punda alikatiza, rafiki akamkwepa, tukavaa ukingo wa daraja.

Boneti ilikunjika yote. Airbag, ile mifuko ya hewa, zikafumuka. Tulifungua milango wenyewe, tukashuka kwa miguu yetu.

Nilibaki na alama ya mkanda kifuani, na woga ambao bado haujanitoka. Hadi leo breki ikilia mtaani, naruka pembeni.

Baba, mkulima wa alizeti kule Busi, alikuja kuliona lile gari. Akalizunguka, akatikisa kichwa.

"Gari gani hili linakunjwa kama bahasha? Mungu tu amewatoa."

Kwamba Mungu alitutoa, sibishi. Tatizo ni kwamba wakati huohuo baba alikuwa anajiandaa kununua gari jipya, la kwanza maishani mwake, la kumleta mama kliniki ya moyo hapa mjini. Akaapa kwamba gari la bahasha halikanyagi kwake.

Kaka yangu ana duka la spea Chang'ombe, na alishamchagulia. Tulipofika shorumu, kaka alilipiga ngumi gari alilolichagua: du! Akaligonga la pembeni, la ukubwa uleule: ti.

"Mzee, umesikia? Hili ni chuma. Lile ni debe la mafuta ya kula."

Baba naye akagonga, akacheka kwa furaha. Mimi nilichokiona akilini ni mama ndani ya lile lenye sauti nzito, siku ya ajali.

Niliporudi nikatafuta matokeo ya crash test ya magari yote mawili. Kwa asiyejua: wataalamu hulibamiza gari jipya makusudi, ndani wameketisha masanamu yenye vipimo, kisha hulipa nyota kulingana na jinsi masanamu yalivyoumia. Gari la kaka lilikuwa na nyota moja. Lile la "ti" lilikuwa na nne.

Kwa kuwa mimi huwaza kupita kiasi, sikuridhika. Vigezo huongezwa ukali mara kwa mara, hivyo nyota nne za zamani si lazima ziwe nne za leo. Tena, nyota za kugongwa kwa mbele hulinganisha magari ya uzito unaokaribiana, si kigari na lori. Nikakagua yote hayo. Yakawa sawa. Nikajiona nimemaliza.

Jumamosi baba, mama na kaka walikuja kwangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Haya, lete hizo nyota zako."

"Siku hizi magari yanajulikana maktaba," kaka akachokoza.

Nikampa baba simu atazame video. Gari la kaka lilipobamizwa, boneti haikukunjika sana. Lakini usukani ulirudi nyuma hadi ukalikandamiza sanamu kifuani.

"Rudisha," baba akasema. Akatazama tena. "Gari limepona, mtu amekufa."

Kisha la pili: mbele pamekunjika kabisa, sanamu limetulia kwenye kiti. Baba akanirudishia simu akasema, "Kumbe lile lenu liliumia kwa niaba yenu."

Kaka hakukubali upesi. "Lakini mzee, spea za hilo ni shida kupatikana."

Mama akamgeukia. "Na spea zangu mimi, unazo dukani?"

Tukacheka hadi kaka mwenyewe.

Tukarudi shorumu kulipia lile la nyota nne. Nikamuuliza muuzaji, kwa kuhakikisha tu, gari lina airbag ngapi.

"Mbili, dada."

Nikafungua tena matokeo kwenye simu. Lililojaribiwa lilikuwa na sita, pamoja na mfumo wa kuzuia gari lisiserereke. Nilikuwa nimelinganisha majina ya magari, si magari yenyewe.

Baba akaniona. "Sema, binti."

Nikasema. Muuzaji akatabasamu. "Mzee, ni gari lilelile, jina lilelile."

"Mbegu zote dukani huitwa alizeti," baba akamjibu. "Nyingine hazioti."

Muuzaji akakiri kwamba lenye airbag sita lipo, ila huagizwa na huchukua miezi. Hili la mbili tungeondoka nalo palepale.

"Mzee, gari hili hapa," kaka akasihi. "Mama ataendelea kubanwa kwenye mabasi mpaka lini?"

Lilikuwa swali la haki. Baba akamtazama mama. Mama akatikisa kichwa: tusubiri.

"Nimesubiri mvua umri wangu wote," baba akasema. "Gari litanishinda?"

Wakuu, lilifika. Kabla ya kutia saini, baba alidai aonyeshwe kila airbag ilipo, moja baada ya nyingine. Sasa mama anakuja kliniki akiwa mbele, mkanda kiunoni na begani, akimkemea baba kila spidi inapopanda.

Nilichojifunza: nyota ni msaada mkubwa sana kwa mnunuzi, mradi uulize zilitolewa lini, dhidi ya magari gani, na kwa toleo lipi hasa. Gari la nyota tano bado halimlindi dereva mzembe.

Waliowahi kununua gari jipya, mlithibitishaje kwamba toleo mlilouziwa ndilo lililojaribiwa? Na wenye hoja ya kutetea bati gumu karibuni pia. Kaka yangu anawasubiri kwenye komenti, anahitaji watu upande wake.